Kofia Iliyotoka Omani

Kwetu Kiuyu, mtu asipoonekana kwa muda mrefu na watu wa nyumbani kwao hawapendi kuulizwa, basi yuko Omani. Jibu hilo linatosha. Hakuna anayeuliza yuko mji gani, anafanya kazi gani, wala kwa nini hakuja hata kumzika baba yake. Watu huomba Mungu amjaalie, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mwani, bei ya mchele au harusi ya wiki ijayo. Mimi nililitumia jibu hilo kwa miaka saba. Niliwapa majirani, nikawapa walimu wenzangu, na nikampa mtoto ambaye kuliko watu wote alikuwa na haki ya kujua kwamba ni uongo.

Aliyekuwa "Omani" ni mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Ukweli ni kwamba alikuwa jela, hapa hapa Pemba, mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Serikali yetu haipendi neno jela. Inapaita chuo cha mafunzo, na waliofungwa inawaita wanafunzi. Mimi ni mwalimu na nawapenda wanafunzi, lakini wanafunzi wangu kengele ikilia hurudi kwao.

Alifungwa akiwa na miaka kumi na tisa. Ardhi yetu ni mawe, mkarafuu hauipendi, kwa hiyo msimu ukiingia vijana wetu huenda kupiga dago upande wa Mtambile: wanahamia kwenye mashamba ya watu, wanalala vibandani na kuchuma karafuu mpaka msimu uishe. Yeye na wenzake wawili waliona kuchuma kunachelewesha, wakaenda kuchukua zilizokwisha kukauka, zimetiwa magunia barazani kwa mwenye shamba. Mzee wa watu akatoka kuangalia nani anamchezea magunia yake. Alipigwa kwa mpini wa jembe, akapoteza jicho. Mahakamani kila mmoja alisema aliyepiga ni mwenzake, na wote watatu wakafungwa.

Habari ilipotufikia, mdogo wake alikuwa na miaka tisa, yuko madrasa. Wifi yangu, mama yao, hakulia kwanza. Alipanda juu ya kiti, akaushusha msahafu, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka juu yake.

"Apa, wifi. Ntoto huyu asijue. Kaka yake kenda Omani."

Kaka yangu alikuwa ameshaapa kabla yangu, na miaka miwili baadaye alikufa na kiapo chake. Mimi niliapa kwa sababu wifi alikuwa anatetemeka mbele yangu, na kwa sababu nilidhani tunazungumzia mwezi mmoja au miwili, mpaka tupate namna ya kumweleza mtoto. Sikujua kwamba nilikuwa najifungia ndani na ufunguo nimeushika mimi mwenyewe, ila siruhusiwi kuutumia.

Uongo ule ulitaka kulishwa kila siku. Mdogo alipouliza kwa nini kaka yake hapigi simu, mama yake alimwambia anachunga mbuzi jangwani, huko hakuna mtandao. Miaka saba hakuna mtandao! Nilimwambia wifi kwamba tajiri mwenye mbuzi hao, kwa muda wote huo, angekuwa kashajijengea mnara wake mwenyewe. Hakucheka. Kila mwezi mimi na yeye tulitoka asubuhi kwenda kumtazama mfungwa wetu, na nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda kliniki, wifi ana presha. Mtaa mzima walimpa pole ya presha hiyo na kumletea majani ya mlonge. Miaka ilivyokwenda akaipata kweli.

Halafu kulikuwa na kofia. Mkubwa alijifunza kushona kofia huko ndani, hizi zetu za mkono, za viua na vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Akimaliza moja nzuri alimpa mama yake siku ya kutazamwa. Wifi aliifunga kwenye kitambaa, akakaa nayo mpaka Sikukuu, kisha akamkabidhi mdogo na kumwambia, "Kaka yako kakutumia." Mtoto aliivaa kwenda msikitini amenyoosha shingo. Kila kofia ilikuwa na kitu kimoja cha ajabu: karibu na ukingo, upande wa nyuma, kiua kimoja kiliachwa bila kuzungushiwa uzi. Mdogo aliwaambia wenzake kwamba hiyo ndiyo alama ya kiwanda, na kwamba Waarabu wanajua kazi, hapa Pemba hakuna mtu wa kushona vile. Mimi nilikuwa karibu, namenya muhogo. Nilimsikia na nikaendelea kumenya.

Alipofika miaka kumi na sita, mtoto aliyekuwa akitumwa dukani anarudi mbio akageuka kijana wa kupitisha siku vijiweni. Shule alikuja siku anazotaka yeye. Nilijua linalomsumbua, kwa sababu aliniambia mwenyewe siku moja nilipomkamata njiani na mkoba wa shule umejaa nguo.

"Kaka kapata pesa kasahau kwao, shangazi. Baba kafa hakuja. Mie n'tamfata hukohuko Omani nimuulize. Nataka pasi na nauli tu, basi."

"Na nauli utaitoa wapi?"

"Msimu ushaingia," akasema.

Nililala vibaya kwa wiki nzima. Kijana alikuwa anakwenda Mtambile, kwenye dago lile lile, kutafuta nauli ya kumfuata kaka yake mahali ambapo kaka yake hajawahi kukanyaga. Na sentensi moja tu ya kumrudisha, niliyoimeza, ilikuwa chini ya kiapo.

Hakuchuma kwa ujira. Yeye na kundi lake walipanda mikarafuu ya watu alfajiri, kabla wenyewe hawajaamka, wakateremka na mapakacha. Walikamatwa mara ya kwanza. Wifi na mimi tulikwenda kwa mwenye shamba, tukamtia mbele sheha, kiongozi wetu wa mtaa, tukapiga magoti, tukasamehewa. Kwetu mambo haya humalizwa nyumbani. Ni muhali, mtu huona haya kumpeleka polisi mtoto wa mtu ambaye kesho mtakutana kwenye maziko. Walikamatwa mara ya pili, tukaenda tena, magoti yale yale. Safari hii mwenye shamba hakunitazama usoni.

"Bi mkubwa," akaniambia, "mie nina muhali na nyie, ila muhali wangu ushakwisha. Akipanda nkarafuu wangu tena, n'takwenda mwenyewe polisi, na mahakamani n'tasema."

Wakati wa kurudi, mdogo alikuwa anacheka na simu yake. Nilimtazama nikapandwa na hasira. Hakuwa mjinga. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu kwamba ukikamatwa mama yako analia, shangazi yako anazungumza Kiswahili kizuri, na mnarudi nyumbani mnakula. Hakuwa amewahi kuona mtu aliyefungiwa mlango kweli. Aliyefungiwa tulikuwa tumemficha.

Pale shule mimi ndiye mwalimu wa nasaha. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina sauti kubwa na wavulana wananiogopa. Wenzangu wanasema wananipenda, lakini najua wananiogopa. Mwaka ule mwalimu mkuu alikubaliana na wakuu wa jela kwamba tuwapeleke vijana watoro na wenye mikono mirefu wakaone maisha ya ndani, na wasikie kutoka kwa waliofungwa wenyewe. Nilikwenda kupanga safari. Afande aliyenipokea alikuwa mcheshi, akanipa kiti na maji ya kunywa.

"Tunaye msemaji mzuri, mwalimu. Vijana wa skuli nyingine washamsikiliza, wakatoka wanalia. Na wewe unamjua, ndiye yule unayekuja kumtazama."

Nilisema ndiyo, namjua. Maji yale sikuyamaliza.

Safari nzima ya kurudi niligeuza jambo lile huku na huku, na kila nilipogeukia nilikuta ukuta. Nikimwacha mdogo, napeleka watoto wa watu na kumwacha wangu, ambaye bado mkarafuu mmoja tu apelekwe polisi. Nikimpeleka, anakutana na kaka yake uwanjani bila mtu kumwambia neno. Nikimwambia kabla, nimekula yamini, na wifi hatanisamehe. Nikisema nisiende kabisa, mwalimu mkuu ataniuliza kwa nini, na mimi nitamwambia nini? Kwamba nina mtu Omani?

Nilimfuata wifi pwani, maji yamekupwa, ameinama anafunga mwani kwenye kamba. Nilimwambia habari za safari, na kwamba nataka kijana awemo.

"Mwanangu hendi kutazama wezi," akasema, bila kuinua kichwa.

"Wifi, mwanao mwizi."

Nina ulimi mbaya, najijua. Wanawake waliokuwa karibu waliacha kufunga. Wifi alisimama, akanawa mikono kwenye maji ya chumvi, kisha akaondoka, kamba imefika nusu, akaniacha na ndoo yake. Niliibeba mpaka nyumbani kwake, nikaiweka mlangoni, na mlango haukufunguliwa.

Ndipo nikaenda kwa shehe wetu. Nilikaa nje ya nyumba yake, mkewe yupo, nikamweleza mambo bila kutaja watu, ingawa nadhani alijua. Shehe alinieleza kwamba aliyeapa jambo kisha akaona kheri iko upande wa pili, aifuate kheri na akitolee kafara kiapo chake: alishe masikini kumi. Na kafara ikiwa ya chakula, alisema, inafaa hata kuitanguliza kabla ya kukivunja kiapo. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilidhani ndiyo imekwisha.

Nilipika siku ya Ijumaa. Lakini kwetu huwezi kuinjika sufuria kubwa nje ya nyumba ukaachwa peke yako. Kabla kuni hazijashika vizuri walikuwa wameshafika majirani, huyu na kisu, huyu na ungo, na wa mwisho kufika, na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani, alikuwa wifi. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ya mwani. Hakutoa salamu nyingi. Alikaa juu ya mbuzi, akachukua nazi ya kwanza, akaanza kukuna.

"Sadaka ya nini, wifi?" akaniuliza baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayetaka kupatana.

"Sadaka tu."

"Ya marehemu?"

Nilisema kila sadaka humfikia marehemu. Akaitikia amina, akakuna nazi zote, akakamua tui, na wali ulipoiva ndiye aliyeonja chumvi na kusema iko sawa. Nilimtazama mikono yake, imekatikakatika na kamba za mwani, inanipikia kafara ya kiapo alichoniapisha yeye. Nilitamani aniulize mara ya tatu. Angeuliza mara ya tatu ningemwambia hapo hapo, mbele ya sufuria. Hakuuliza. Masikini walikula, wakatuombea dua, na dua ile wifi aliipokea kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye nilikwenda peke yangu kumtazama mkubwa. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza kumtoka mbele, kijana wa miaka ishirini na sita. Nilimwambia nataka kumleta mdogo wake. Alichezea sindano yake ya kushonea.

"Shangazi, huko Omani mie ni ntu. Ana kaka anochunga mbuzi, anomtumia kofia. Akija hapa atakuwa na nini?"

"Kwa ajili ya huyo kaka wa Omani anaiba," nikamwambia. "Anatafuta nauli akufate."

"Anaiba nini?"

"Karafuu."

Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Nilitaka kuuweka mkono wangu kichwani kwake lakini hairuhusiwi. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu na uso umefunga.

"Mlete asikilize wengine. Mie siku hiyo n'naumwa. Sitoki."

Basi ndivyo tulivyokwenda. Wifi sikumuuliza tena. Nilimwambia mdogo kuna safari ya shule, akapanda gari kwa sababu alisikia tutapita mjini kula chipsi. Alivaa shati la shule limepigwa pasi na kofia yake mpya ya Sikukuu. Nilikaa naye kiti kimoja makusudi. Nilikuwa nimeshalisha watu kumi ili niruhusiwe kusema sentensi moja, na dini ilikuwa imeniachia ulimi, lakini ulimi wenyewe haukuondoka. Kila nilipoufungua mdomo niliuliza jambo jingine. Nilimuuliza kama amekunywa chai. Nilimuuliza mara mbili.

Getini walichukua simu, mikanda na saa. Wavulana walichekeana, mmoja akashika suruali yake kwa mikono miwili. Afande mcheshi hakuwa mcheshi siku hiyo. Alituongoza kwenye chumba kitupu, sakafu ya saruji, dirisha moja juu ambalo hata mrefu wetu hakulifikia, na harufu ya dawa ya choo ikichanganyika na jasho la watu waliokwisha kuhamishwa. Akatuambia tuingie wote, na mimi niliingia, kwa sababu siwezi kuwapeleka watoto mahali nikabaki mlangoni. Akafunga, tukasikia komeo, kisha viatu vyake vikienda.

Kwanza walitaniana. Halafu mmoja akasema haya afande, tumeshaona, fungua. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Joto lilipanda, hakukuwa na pa kukaa ila chini, na chini hakuna aliyetaka kukaa. Mdogo alisimama ameegemeza mgongo ukutani, anatazama lile dirisha. Mimi nilikuwa najua mlango utafunguliwa, nilikuwa nimeupanga mwenyewe mpango huo, na bado nikataka kuugonga ule mlango kwa ngumi. Nilifikiria miaka saba ya mtoto wetu. Kisha nikafikiria miaka yangu saba, na nikaona haya kuilinganisha, lakini niliilinganisha.

Walipotufungulia, hakuna aliyekuwa anacheka. Tulikalishwa uwanjani kwenye kivuli cha ukuta. Afande akaja kuninong'oneza kwamba msemaji anaumwa na tumbo, atazungumza mwingine. Akazungumza mtu mzima mmoja, maneno mazuri, lakini alikuwa anaongea kama hotuba ya Ijumaa na vijana wakaanza kuchora chini kwa vijiti. Nilihisi kila kitu kinaporomoka. Karamu yote ile, na kijana atarudi kama alivyokuja, na msimu bado haujaisha.

Pembeni kulikuwa na meza ya vitu vilivyotengenezwa ndani: mikeka, vigoda, kofia. Nyuma yake wafungwa wachache walikaa wanashona, mmoja ametupa mgongo. Mdogo alikuwa anaitazama meza ile. Aliinuka bila kuomba ruhusa. Nilitaka kumwita, sauti yangu kubwa haikutoka. Alichukua kofia moja, akaigeuza nyuma, akaisogeza machoni. Akavua yake. Akaziweka mbili hizo bega kwa bega juu ya meza, na kidole chake kikaenda kwenye ukingo wa hii, kisha kwenye ukingo wa ile, pale ambapo kiua kimoja hakikuzungushiwa uzi.

"Afande, hii nani kashona?"

"Yule pale, aliyetupa mgongo. Fundi wetu huyo. Anaumwa, ila kushona haachi."

Ule mgongo haukugeuka. Mikono ilikuwa imesimama. Yule mtu mzima aliyekuwa anahutubia akanyamaza, na wanafunzi wangu wote wakatazama huko bila kujua wanatazama nini.

"Kaka," akasema mdogo.

Mkubwa akageuka. Mdogo alimwacha akiwa na miaka tisa, na aliyemwacha alikuwa na nywele. Lakini hakusita hata kidogo.

"Zote we ndo ulonishonea?"

"Mie."

"Baba kafa."

"Najua. Waliniambia."

"Mie n'likungoja. Washafukia, watu washaondoka, mie bado n'nakungoja."

Mkubwa alilia mbele ya wavulana ambao siku zote hucheka mtu akilia, na hakuna aliyecheka. Mdogo aliipokea kutoka mkononi mwa kaka yake kofia aliyokuwa anaishona, haijaisha, akaitazama, akauliza kwa sauti ya mtoto mdogo kabisa mbona kila mara anaacha kiua kimoja.

"N'nakiacha makusudi," akasema mkubwa. "N'takuja kumalizia nyumbani."

Hakutoa hotuba nyingine. Vijana wangu walirudi kwenye gari bila kuitwa mara mbili, na mjini hakuna aliyenikumbusha chipsi. Mdogo alikaa kiti cha nyuma, peke yake, kofia ameishika magotini. Sikumfuata. Nilikaa mbele nikalia kimya kimya, na dereva akawa na adabu ya kutoniuliza.

Wifi alikuwa kizingitini anapembua mchele. Mdogo alimwamkia, akamshika mkono akaubusu kama siku zote, kisha akamuuliza, "Presha yako vipi, mama?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Wifi alinitazama mimi, na ungo ukamteleza magotini, mchele ukamwagika mpaka nje.

"Umemwambia."

"Sikumwambia, wifi. Kaiona kofia."

Nilianza kuuokota ule mchele, akanizuia kwa mkono. Halafu nikaona usoni mwake kwamba anahesabu mambo nyuma, siku ya mwani, siku ya sufuria, masikini waliokuja kula.

"Kumbe nazi za kafara nimekuna mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Hakunisemesha kwa wiki nyingi. Nilipita mbele ya nyumba yake asubuhi na jioni, nikatoa salamu kwa mlango uliofungwa. Sikuwa na majuto, na bado iliniuma. Kundi la mdogo walikuja kumwita wakati msimu unakaribia mwisho, mapakacha begani, nami nilikuwa njiani nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Aliwaambia haendi, ana kliniki. Walimcheka. Akarudi ndani.

Siku ya kliniki ilipofika nilikwenda barabarani kama kawaida, bila kujua kama wifi atataka niwemo. Walikuwepo wote wawili. Mdogo ameshika mfuko wenye sabuni, sukari na mafundo ya uzi mweupe, kofia kichwani. Wifi alikuwa ametazama upande mwingine, lakini alinisogezea nafasi kwenye ubao wa kukalia. Nilikaa. Gari lilichelewa, na ikawa kama inavyokuwa siku zote: akapita jirani yetu mmoja, mtu mzima, mwema, mwenye kumletea wifi mlonge kila wiki. Akatupa pole ya presha. Kisha akamgeukia mdogo.

"Na kaka yako huko Omani hajambo? Kapiga simu?"

Nilimwona wifi anakamata ubao kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, limezoea njia. Mdogo alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu.

"Kaka yuko jela," akasema. "Ndo twenda kumtazama."

Yule mzee alibaki na mdomo wazi, hana pa kuweka macho. Nilingoja wifi aanguke, au alie, au amkane mwanawe. Alinyanyua mkono, akaivua kofia kichwani kwa mdogo, akaigeuza, akamwonesha jirani upande wa nyuma.

"Anashona," akamwambia. "Kazi yake hii. Bado kiua kimoja."